Parachichi la Juu

Ipyana, shusha upondo.
Sikukemei. Nasema kwa sauti ya mtu
aliyekuona kutoka jikoni, katikati ya mvuke,
akaacha mwiko uzame.
Shusha. Taratibu. Uulaze upande wa migomba.
Haya.

Najua mnunuzi anafika Kyimbila kesho alfajiri
na kreti zake za bluu na mizani yake ya kupunja.
Najua ya juu ndiyo makubwa,
yamekula jua lote ambalo Rungwe hutugawia kwa kijiko.
Lakini tazama yalipokaa:
matatu ng'ambo ya waya, na moja limeuegemea
kama mlevi aliyepata bega.

Utasema mwanzi ni mti, na mti haupitishi.
Huu umeukata lini?
Jana, bondeni; pingili bado zinatoka maji.
Mvua ya siku tatu imeulamba kutoka ncha hadi kiganja chako,
ndoano umeipinda kwa spoku ya baiskeli,
na miguu yako, mdogo wangu, iko peku kwenye tope.
Umejenga barabara nzima.
Amebaki msafiri tu.

Ulipokuwa darasa la tatu uliniuliza
mbona kunguru anakaa pale na hafi.
Nikakujibu Mungu anampenda.
Nilikuwa sijui.
Kunguru ameshika kimoja tu, ndiyo siri yake.
Sisi hatuwezi kushika kimoja:
tangu tulipotambaa tumeishika ardhi,
hatujaiachia hata siku moja,
na umeme, kama sisi sote,
unatafuta njia ya kurudi udongoni.

Unamkumbuka ng'ombe wa Mwalimu Syungulile?
Upepo wa usiku ulikata waya, ukalala kwenye majani
kimya, kama kamba ya kuanikia iliyosahauliwa.
Ng'ombe hakulia hata mara moja.
Mwalimu alikuja mbio na panga,
na mama, mama yetu aliyeishia darasa la nne,
alimshika shati kwa nyuma mpaka likachanika.
"Ng'ombe ananunuliwa," alisema.
Alisimama kwenye mvua mpaka saa nane,
akifukuza watoto, akifukuza wazee,
akimfukuza hata mchungaji,
mpaka gari la Tanesco likapanda kilima.
Mwalimu alinuna mwezi mzima.
Kisha siku moja akaleta kibuyu cha mtindi,
akakiweka mlangoni, akaondoka bila kubisha hodi.

Na usidhani humu ndani tuna utakatifu.
Ile soketi tuliyoifunga kwa plasta ya kidonda,
nani aliyeponywa nayo?
Na hita ya ndoo, asubuhi za baridi ya Julai,
pale Atupele alipotaka kujua kama maji yamepata moto:
alipima kwa kidole.
Kile kidole hakinyooki mpaka leo,
humwona akikificha anapopokea chenji sokoni.
Zima. Chomoa. Ndipo uguse.
Maneno matatu, na bado huwa nayasahau
nikiwa nimechelewa ibada.

Nimepiga simu Tukuyu waje wapunguze matawi.
Wamesema wiki ijayo.
Unajua wiki ijayo ya Tukuyu ilivyo ndefu.
Basi na iwe ndefu.
Mwambie mnunuzi kreti moja haikujaa,
akinuna, mwache anune; tumeshaona watu wakinuna.

Yale manne waachie popo.
Usiku mmoja, mvua ikiwa imepumzika,
utasikia kitu kinadondoka nje: pu!
Usiamke. Ni lile la kwenye waya,
limechoka kuegemea,
limeshuka lenyewe.
Asubuhi tutalikata kwa kisu, tuweke chumvi,
wewe nusu, mimi nusu,
na wewe utashika nusu yako
kwa vidole vyote vitano.